Jeki Huinua, Stendi Hushika: Namna ya Kuinua na Kuhifadhi Tela la Parokia



Parokia yenye mradi wa kilimo, maji au afya mara nyingi huwa na tela. Huenda ni tela la trekta linalobeba mahindi, mchanga na saruji. Huenda ni tela lililofungwa tangi la maji. Huenda ni karavani, yaani chumba kilichojengwa juu ya magurudumu, ambacho kamati imekigeuza kuwa chumba cha kliniki ya akina mama na watoto. Lolote liwalo, siku moja litapata pancha, litahitaji grisi kwenye beringi, au litaegeshwa wakati wa masika kusubiri barabara zipitike. Siku hiyo mtu atakwenda stoo kuchukua jeki.

Katika somo la robo hii tunapenda kuwashirikisha mambo ya msingi kuhusu jeki ya haidroliki: inavyofanya kazi, namna ya kuitumia bila kuhatarisha maisha, namna ya kuitunza, na namna ya kuhifadhi tela kwa muda mrefu. Somo lote limejengwa juu ya kanuni moja ambayo tungependa kila dereva, kila mtunza stoo na kila mjumbe wa kamati aikariri: jeki huinua, stendi hushika. Anayeielewa kanuni hii na sababu yake hataingia chini ya tela lililobebwa na jeki peke yake.

Jeki inavyofanya kazi

Jeki ya haidroliki hutumia oili iliyofungiwa ndani. Ina pistoni mbili: ndogo, inayosukumwa na mpini, na kubwa, inayobeba mzigo. Katika karne ya 17 mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba mgandamizo unaowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Mwaka 1795 fundi Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashinikizo yaliyotumia kanuni hiyo. Jeki iliyoko stoo kwenu ni mjukuu wa mashine ile.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme pistoni ndogo ina kipenyo cha milimita 10 na pistoni kubwa milimita 30. Eneo la pistoni kubwa ni mara 9 ya eneo la ile ndogo. Tuseme pia mpini una urefu wa sentimita 60, na pistoni ndogo iko sentimita 4 kutoka pale mpini ulipojishikiza. Mpini huo unaongeza nguvu mara 15. Dereva akisukuma kwa nguvu ya kilo 20, pistoni ndogo inapata kilo 300, na pistoni kubwa inaweza kuinua kilo 2,700, ukitoa kiasi kidogo kinachopotea kwa msuguano.

Lakini nguvu hiyo haiji bure. Ili mzigo upande milimita 2, mkono wa dereva lazima ushuke sentimita 27. Kupandisha mzigo sentimita 10 kunahitaji kusukuma mpini mara 50. Kwa hiyo mtu asikasirike kwamba jeki inakwenda polepole, kwa kuwa ndivyo ilivyoundwa.

Kwa nini jeki haishiki

Mzigo ukiwa juu, kitu kinachouzuia usishuke ni oili ile ile. Na kinachoizuia oili isirudi ni vitu viwili vidogo sana: gololi za chuma zinazoziba matundu ya njia ya oili, na pete za mpira, ambazo mafundi huziita sili, zinazozunguka pistoni. Chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya gololi, tundu halizibi. Sili ikichakaa au ikikatika, oili inapita. Wakati mwingine mzigo hushuka polepole na kila mtu anaona. Wakati mwingine sili inakatika ghafla, na mzigo unashuka mara moja.

Tena kuna hatari isiyohusu oili kabisa. Jeki ya kusimama, ile yenye umbo la chupa, ina kitako chembamba. Tela likisogea kidogo tu, jeki inainama, kisha inaanguka. Hata jeki mpya kabisa inaweza kuanguka hivyo.

Stendi haina oili, haina gololi wala sili. Ni chuma kilichosimama kwa miguu mipana na kufungwa kwa pini au meno. Kazi yake ni moja tu: kushika. Ndiyo maana jeki bila stendi ni nusu ya kifaa, na kamati inayonunua jeki peke yake bado haijamaliza manunuzi.

Pimeni uzito kabla ya kuinua

Kila jeki ina maandishi yanayoonyesha uwezo wake kwa tani. Someni maandishi hayo, na kama yamefutika, msikisie. Jeki isiyojulikana uwezo wake haifai kwa tela.

Chukueni tela la ekseli moja lenye uzito wa kilo 1,500 likiwa tupu. Ukiinua upande mmoja, jeki inabeba takribani nusu, yaani kilo 750. Jeki ya tani 2 inaweza bila shida. Sasa tela hilo limepakiwa mifuko 80 ya saruji, kila mmoja kilo 50. Hizo ni kilo 4,000, na jumla inakuwa kilo 5,500. Nusu yake ni kilo 2,750. Jeki ile ile iliyofanya kazi vizuri jana sasa imezidiwa. Dereva anaona mpini mgumu, anatafuta bomba la chuma, analivisha kwenye mpini ili apate nguvu zaidi. Hapo ndipo sili hukatika na mpini hupinda. Mpini ukiwa mgumu kupita kawaida, jeki inawaambia kwamba mzigo umezidi. Isikilizeni. Pakueni mzigo kwanza, au tafuteni jeki kubwa zaidi.

Kwa tela la namna hii tunashauri jeki isiyopungua tani 5. Stendi nazo zina maandishi ya uzito. Angalieni kama tani zilizoandikwa ni za stendi moja au za jozi, kwa maana viwanda vingi huandika uwezo wa jozi.

Pimeni pia ardhi. Kitako cha jeki chenye sentimita 12 kwa 12 kina eneo la sentimita za mraba 144. Kikibeba kilo 2,750, kila sentimita ya mraba ya udongo inakandamizwa kwa kilo 19, na udongo wenye unyevu utazama. Weka chini ya jeki ubao mgumu na mnene wa sentimita 40 kwa 40, na mgandamizo unashuka hadi chini ya kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba. Ubao uwe wa mti mgumu kama mninga au mvule, unene usiopungua sentimita 5, usio na ufa. Ubao mwembamba utapinda na hautasaidia.

Hatua za kuinua

Kazi hii ni ya watu wawili wazima. Watoto wakae mbali, na asiwepo mtu yeyote ndani au juu ya tela. Fuateni hatua hizi kwa utaratibu.

1. Egesheni mahali tambarare na pagumu. Msiinue tela kwenye mteremko, hata kama ni mdogo.

2. Acheni tela likiwa limefungwa kwenye trekta au gari. Zimeni injini, kazeni breki ya mkono, na dereva atoe ufunguo na kuuweka mfukoni.

3. Wekeni kabari mbele na nyuma ya gurudumu la upande usioinuliwa. Jiwe la mviringo si kabari, kwa sababu huviringika pamoja na tairi. Kateni kabari za mbao ngumu na mzipake rangi nyeupe zisipotee majanini.

4. Kama mnabadilisha tairi, legezeni nati za gurudumu kwa mzunguko mmoja kabla ya kuinua. Kulegeza nati zilizokazwa sana wakati tela liko juu kunaweza kulisukuma likaanguka.

5. Wekeni jeki mahali penye nguvu. Kwa tela la trekta ni kwenye ekseli karibu na springi, si katikati ya ekseli. Baadhi ya karavani na matela madogo yana ekseli yenye mpira ndani badala ya springi. Hayo yainuliwe kwenye chasisi, mahali palipoonyeshwa na kiwanda. Miguu minne ya pembeni ya karavani si jeki. Imewekwa ili chumba kisitikisike watu wanapotembea ndani, na haikuundwa kubeba uzito wote.

6. Hakikisheni jeki imesimama wima. Fungeni skrubu ya kushushia kwa kuizungusha kuelekea kulia mpaka ikaze, bila kutumia nguvu nyingi.

7. Inueni polepole. Msaidizi asimame mahali anapoiona jeki, na kazi yake ni kuangalia kama inainama. Ikianza kuinama, shusheni na mwanze upya.

8. Gurudumu likishaacha ardhi kwa sentimita 3 hadi 5, inatosha. Wekeni stendi chini ya ekseli, karibu na jeki, bila kuingiza kichwa wala kifua chini ya tela. Shusheni mpaka uzito ukae juu ya stendi.

9. Likijaribiwa kwa kusukumwa kwa mkono kutoka pembeni, tela lisicheze. Hapo tu ndipo mtu anaweza kuingia chini.

Ni vyema kuwe na desturi ya kuitikiana kwa sauti. Dereva anauliza, “Kabari?” Msaidizi anaangalia kwa macho yake, kisha anajibu, “Ipo.” “Ufunguo?” “Uko mfukoni.” “Stendi?” “Imekaa.” Jambo hili linaweza kuonekana la kitoto kwa dereva mzoefu. Lakini ni mazoea hasa yanayomfanya mtu asahau kabari, na kuitikiana hakuchukui hata dakika moja.

Je, kama hakuna stendi? Msitumie matofali wala bloku za saruji. Bloku hupasuka ghafla bila kutoa dalili, hasa zile zenye matundu. Mnaweza kupanga vipande vya mbao ngumu vyenye unene sawa: viwili vikiwa sambamba, viwili juu yake vikiwa vimekatiza, na kuendelea hivyo. Mpango huo usizidi kimo cha mara tatu ya upana wa kitako chake.

Wakati wa kushusha, inueni kidogo ili stendi ipate nafasi, iondoeni, kisha legezeni skrubu ya kushushia taratibu. Ukiifungua kwa haraka, tela zima litadondoka. Nati zikazwe kwa kuruka, moja na ile inayoielekea, si kwa kufuatana kuzunguka gurudumu. Mkazo wa mwisho ufanyike tairi likiwa chini. Zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hivi.

Kuhifadhi tela kwa msimu

Vifaa vingi vya miradi haviharibiki kwa kutumika. Vinaharibika vikiwa vimeegeshwa. Tela likisimama miezi mitatu bila kuguswa, matairi hupoteza upepo, uzito wote hukaa juu ya sehemu moja ya mpira, na jua hupasua kingo za tairi. Tela likirudishwa kazini, tairi hupasuka safari ya kwanza, na kamati husema tairi lilikuwa bovu tangu liliponunuliwa.

Kama tela litasimama zaidi ya mwezi mmoja, fanyeni yafuatayo:

Chagueni mahali pakavu ambapo maji ya mvua hayatuami, ikiwezekana chini ya banda. Tela tupu, lililooshwa na kukauka, ndilo la kuhifadhi. Udongo na mbolea vilivyoshikamana na chasisi huleta kutu.

Inueni upande mmoja kwa jeki na mweke stendi, kisha upande wa pili. Wakati wa kuinua upande wa pili magurudumu yote mawili yatakuwa hewani, na kabari hazitakuwa na kazi tena. Kwa sababu hiyo tela lisifunguliwe kwenye trekta mpaka stendi zote mbili ziwe zimekaa. Baada ya hapo, shusheni mguu wa mbele wa tela juu ya ubao, ndipo mfungue.

Wekeni nguzo ya mbao chini ya sehemu ya nyuma pia. Tela la ekseli moja lisilofungwa kwenye trekta hupinduka kwa nyuma kama mizani mtu akipanda upande huo, na watoto hupenda kupanda.

Ondoeni jeki. Jeki haipaswi kuachwa chini ya tela, hata usiku mmoja. Turudie tena: stendi ndizo zinazoshika.

Jazeni matairi upepo kwa kipimo chake na mfunike kwa magunia au turubai ili jua lisiyapige. Magurudumu yakiwa hewani ni nafasi nzuri ya kukagua beringi. Zungusheni gurudumu kwa mkono. Likikwaruza au likicheza huku na huku, beringi inahitaji grisi, kukazwa, au kubadilishwa.

Kwa karavani, tumieni pima maji kuhakikisha sakafu imelala sawa, kwani mlango wa chumba kilichopinda haufungi. Chomoeni betri na mwihifadhi ndani. Zibeni matundu ambayo panya na nyigu wanaweza kuingilia, lakini acheni njia ya hewa ili ndani pasiote ukungu.

Kila mwezi mtu mmoja alitembelee tela. Aangalie kama stendi zimezama, na achokoe mbao kwa kisu. Mbao iliyo nzima kwa nje inaweza kuwa imeliwa na mchwa ndani ikabaki ganda. Kwa sababu hiyo mbao zilizogusa udongo zipakwe dawa ya mchwa au oili chafu ya injini, na zisiaminiwe msimu mwingine bila kukaguliwa.

Kuitunza jeki yenyewe

Jeki ikitunzwa hudumu miaka mingi. Matunzo yake ni haya:

Baada ya kila kazi, shusheni pistoni mpaka mwisho. Pistoni iliyoachwa juu hushika kutu, na kutu hukata sili mara inapopita. Futeni vumbi na udongo kwa kitambaa kikavu. Skrubu ya juu ya kurefushia ipakwe grisi kidogo.

Hifadhini jeki ikiwa imesimama, ndani ya stoo, juu ya rafu, pamoja na mpini wake. Jeki iliyolazwa huingiza hewa kwenye njia ya oili.

Kagueni kiwango cha oili kila baada ya miezi mitatu. Pistoni ikiwa imeshuka kabisa na jeki imesimama wima, fungueni kizibo cha mpira kilichoko ubavuni. Oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu. Ikizidi, jeki itavuja. Ikipungua, haitafika juu.

Tumieni oili ya haidroliki pekee, ile iliyopendekezwa na kiwanda. Mafuta ya breki yasitumike kamwe, kwa kuwa huharibu sili za jeki. Oili chafu ya injini nayo isitumike ndani ya jeki, kwa maana hubeba masizi na chembe za chuma. Oili ibadilishwe mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kama imegeuka nyeusi au imeingia maji na kuwa kama maziwa.

Kutoa hewa ni kazi rahisi. Fungueni skrubu ya kushushia, sukumeni mpini mara 10 hadi 15 jeki ikiwa haina mzigo, kisha fungeni skrubu na mjaribu.

Zifuatazo ni dalili za kawaida na maana yake:

Jeki inapanda kwa kuruka-ruka, au mpini ni mlaini kama sponji: kuna hewa ndani. Toeni hewa.

Jeki inapanda lakini haifiki juu: oili imepungua. Ongezeni.

Jeki haipandi kabisa: hakikisheni kwanza skrubu ya kushushia imefungwa. Kama imefungwa na oili ipo, gololi imeshikwa na uchafu. Mwageni oili yote, wekeni mpya, na mtoe hewa.

Jeki inashuka yenyewe ikiwa na mzigo: skrubu haikukazwa vizuri, kuna uchafu chini ya gololi, au sili imechakaa. Msiitumie mpaka fundi aiangalie.

Fundi anapobadilisha sili, atumie sili za aina ya jeki hiyo. Sili iliyokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli au gari huvimba ikikutana na oili na hudumu muda mfupi tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna jaribio rahisi la kufanya kila robo mwaka. Inueni tela tupu kwa jeki, na mweke stendi chini yake ikibaki nafasi ya sentimita moja. Chukueni futi kamba, pimeni kimo cha ekseli kutoka ardhini, na mwandike. Subirini dakika 10 bila mtu kuwa karibu, kisha pimeni tena. Kama kimo kimepungua, jeki iende kwa fundi. Jaribio hili halihitaji fedha.

Wajibu wa kamati

Tatizo kubwa la jeki za parokia si la kiufundi. Jeki huazimwa. Leo imekwenda kunyanyua gari lililokwama kwenye tope, kesho iko kwa jirani, na ikirudi haina mpini, au pistoni imejaa udongo. Hakuna anayejua nani aliitumia mwisho, kwa hiyo hakuna anayewajibika. Siku tela lina pancha njiani, dereva anakuta jeki isiyo na oili, na ndipo anapoanza kutafuta mawe.

Tunapendekeza kamati ifanye mambo matatu. Kwanza, mteue mtu mmoja, kwa jina, awe mtunzaji wa jeki, stendi, kabari na mbao. Vifaa hivi vikae pamoja na vitoke pamoja. Anayeazima jeki aondoke na stendi zake.

Pili, wekeni daftari la matunzo. Safu zake zinaweza kuwa: tarehe, jina la aliyechukua, kazi, hali ya jeki iliporudi, na sahihi. Kurasa za nyuma ziandikwe tarehe za kubadilisha oili, majibu ya jaribio la dakika 10, na upepo wa matairi.

Tatu, tengeni fedha kidogo kila mwaka kwa ajili ya oili, sili, grisi na dawa ya mchwa. Vitu hivi ni nafuu kuliko tairi moja jipya. Na kuhusu usalama wa dereva, hatuoni haja ya kulinganisha bei.

Neno kwa wafadhili

Ndugu zetu mnaochangia vifaa, tunawashukuru. Tunaomba mzingatie jambo moja. Tela likifika bila jeki inayolifaa, bila stendi mbili, bila kabari na bila gurudumu la akiba, parokia imepokea kifaa pamoja na hatari yake. Tafadhali vijumuisheni vitu hivi katika bajeti tangu mwanzo, vikiwa na maelekezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili yanayoonyesha mahali pa kuwekea jeki.

Kabla ya kutuma tela lililotumika, angalieni umri wa matairi. Tangu mwaka 2000 umri huo huonyeshwa kwa tarakimu nne ubavuni mwa tairi. Kwa mfano, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limezeeka.

Na mnapoomba taarifa ya mradi, msiombe picha ya tela peke yake. Tela lililopakwa rangi hupendeza kwenye picha hata kama beringi zake zimekwisha. Ombeni nakala ya kurasa mbili za daftari la matunzo, kwani humo mtaona kama tela litakuwa bado linafanya kazi miaka mitano ijayo.

Maswali ya kujadili katika kikao cha kamati

1. Jeki ya parokia yetu iko wapi wakati huu? Nani aliitumia mara ya mwisho?

2. Uwezo wake ni tani ngapi? Je, unatosha kwa tela letu likiwa limepakiwa?

3. Tuna stendi mbili na kabari mbili? Kama hatuna, tutazipata lini, na kwa fedha za fungu gani?

4. Tela letu litahifadhiwa wapi masika yajayo? Nani atalitembelea kila mwezi?

5. Dereva akipata pancha njiani leo akiwa peke yake na mzigo mzito, tumemwelekeza afanye nini?

Swali la mwisho tunashauri lijibiwe dereva mwenyewe akiwepo. Jibu lililo salama ni kwamba asubiri msaada, na kamati isimlaumu kwa kuchelewa. Mzigo unaweza kufika kesho.

Tunawatakia kazi njema na msimu salama.